Sikio la Guta

Jumanne, tarehe 14 Machi 2062, saa nne na dakika kumi asubuhi. Siku hiyo ndiyo walinimaliza. Dakika naijua kwa sababu wao wenyewe waliiandika kwenye barua na kuigongea muhuri.

Mke wangu Gaudensia alikuwa anapandisha mlima Kitonga na guta lake la umeme, la magurudumu matatu, nyuma magunia sita ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, anakuja Iringa kama kila Jumanne. Ni ile barabara mpya waliyoichonga upande wa pili wa mlima, ya kupandia peke yake, kulia mwamba, kushoto bonde. Nyuma yake likatokea gari la wakubwa, Beberu jekundu. Aliyekuwa ndani akabonyeza kitufe cha Pisha. Guta likapisha. Lilikata kushoto lenyewe, mikono ya mke wangu ikiwa bado imeshika usukani, likaenda kupisha mahali ambapo hapakuwa na barabara.

Barua ilikuja baada ya miezi minne. Mimi niliishia darasa la nne, lakini ile nimeisoma mpaka karatasi imekatika kwenye mikunjo. "Tume imejiridhisha kwamba guta lilitii kama inavyotakiwa. Hakuna hitilafu." Jina la mke wangu halimo. Wameandika "mwendeshaji". Namba ya Beberu imo, DHORUBA 7, jina la mwenyewe halimo. Chini kuna sahihi ya Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mwendo, Valentino Chengula, sahihi ndefu yenye mkia kama wa panya.

Pamoja na barua walileta bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na Sikio la guta, kile kidude kinachopokea amri. Guta lote liligeuka chapati, Sikio likabaki zima, taa yake ya kijani inawaka.

Niliwaandikia swali moja tu. Kama guta lilitii, aliyeamuru ni nani? Nikasubiri wiki tatu, nikaandika tena. Niliandika mara tano. Hawakunijibu hata kwa matusi.

*

Gereji yangu iko Ipogolo, chini ya mji, pale barabara kuu inapopita. Tupo wawili. Mimi ni wa injini, na Tusekile Mwaisumo ni wa umeme. Tusekile ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kutoka Tukuyu, mdomo wake mkali kuliko solda yake. Tuna desturi moja pale, na hatujawahi kuivunja. Gari likishakamilika, Tusekile anasimama getini, mkono kwenye komeo, ananiuliza, "Umekaza?" Mimi najibu, "Nimekaza." Hapo ndipo geti linafunguliwa. Nisipojibu, gari halitoki, hata liwe la askofu. Tulianza mwaka ambao gurudumu la mteja lilichomoka pale Ndiuka na kumtangulia mwenyewe kufika mjini.

Alhamisi moja ya Septemba, mwaka na nusu baada ya msiba, nilikuwa chini ya lori la mbao niliposikia mngurumo. Siku hizi kila kitu barabarani kinapita kimya kama paka, kwa hiyo mngurumo wa petroli ukija unausikia kwa mgongo kabla ya masikio. Nikatambaa kutoka. Getini palikuwa na Beberu jekundu.

Jina lake la kiwandani ni Kolta Dhoruba. Ni gari la Wamarekani wa zamani sana, la enzi za babu wa babu yangu, lenye boneti refu kama jeneza na silinda nane. Lilikufa, likasahaulika, kisha wakubwa wa dunia wakachoka na magari ya kimya, wakalifufua. Kwanza walileta Dhoruba 500, kisha 700, kisha 900, kila toleo lina nguvu kuliko kaka yake. Mtaani tunaliita Beberu kwa ule mlio na ile harufu, na kwa tabia ya wanaoliendesha.

Nikaangalia namba. DHORUBA 7.

Sikumbuki nilifanya nini na spana niliyokuwa nayo. Tusekile aliniambia baadaye kwamba niliifuta kwa tambara, upande mmoja, mwingine, upande mmoja, mwingine.

Akashuka mwanamume mnene wa makamo, koti la ngozi, miwani imepandishwa kwenye kipara.

"Wewe ndiye Fundi Longino Kikoti?"

"Ndiye mimi."

"Nimeambiwa una bisibisi inayosikia kuliko kompyuta." Akacheka. "Mimi ni Chengula. Mkurugenzi Chengula, wa Mwendo. Gari linagonga. Nimewapigia wataalamu wa Dar, wameunganisha mitambo yao, wote wananiambia liko salama, Mkurugenzi. Salama wapi? Mimi nalisikia!"

Basi mwenye gari na mwenye sahihi walikuwa mtu mmoja. Alijichunguza mwenyewe, akajikuta hana hatia, akajipigia muhuri. Na hapo alikuwa amesimama kwenye gereji yangu, ananinyooshea mkono. Nikamwonyesha viganja vyangu vyenye grisi, ili nisimpe.

"Liwashe," nikamwambia.

Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hakuna mtambo ulionishinda mpaka leo. Nikaenda silinda moja baada ya nyingine. Ya saba ilikuwa inalia tik, tik, tik, kama mtu anayegonga jino kwa kucha.

"Tapeti imelegea, ile inayosukuma valvu. Saa mbili, tatu, itakuwa tayari."

"Saa tisa ikikuta hujamaliza umeniharibia siku. Dhoruba 1200 zinashuka leo, kumi na mbili, zinatoka kwenye maonyesho uwanjani, zinaenda kuzinduliwa Dar. Nataka niwatangulie mimi. Watoto wa juzi hawawezi kunivumbisha."

"Hizo mpya zina nini, bosi?"

"Sauti ya kuamuru!" Akanikaribia kama anayenipa siri. "Hii yangu Sauti yake ni sawa na ya gari la wagonjwa. Hizo ziko juu ya gari la wagonjwa."

"Kwa hiyo na mgonjwa atapisha."

"Mgonjwa naye ni mtumiaji wa barabara, mzee." Akacheka tena. "Mimi sijakanyaga breki Kitonga tangu nilinunue."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Akaondoka kwenda kula, gari akaniachia.

*

Tapeti ilinichukua dakika arobaini. Muda uliobaki niliutumia kufanya jambo nililoliwaza kwa miezi kumi na minane bila kujua nalifanyia wapi.

Kila chombo cha nchi hii, guta, pikipiki, basi, kina Sikio, kijisanduku kama kipande cha sabuni, kimeungwa kwenye usukani. Chombo chenye Sauti kubwa kikiamuru, Sikio linageuza usukani, unapisha, utake usitake. Walituambia ni kwa ajili ya zimamoto na wagonjwa. Tukapiga makofi. Kisha wakaiuza Sauti hiyohiyo kwa kila mwenye uwezo wa kununua Beberu. Beberu lenyewe halina Sikio. Limeumbwa liamuru tu. Ila kiwandani wana uvivu kama wetu, nyaya ni zilezile za magari yote, tundu la Sikio lipo chini ya usukani, wameliziba kwa kifuniko cha mpira.

Nikaung'oa ule mpira. Nikaenda kwenye kabati, nikatoa bahasha ya kaki.

Sikio likajaa kwenye tundu sawasawa. Taa ya kijani ikawaka.

"Mzee Kikoti."

Tusekile alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, kikombe cha chai mkononi. Alilijua lile Sikio. Lina alama ya rangi ya kucha, nyekundu, aliyoipaka Gaudensia lisibadilishwe na la mtu.

"Unafanya nini, baba?"

"Namfungia sikio. Alizaliwa bila."

"Za 1200 zitakuwa nyuma yake mlimani."

"Najua."

"Watambonyezea Pisha. Wale hawawezi kujizuia, ni watoto wenye toy mpya."

"Najua, Tuse."

"Na njia ya kushukia nayo bonde liko kushoto. Atakwenda bondeni."

"Atakuwa ametii kama inavyotakiwa," nikasema. "Hakuna hitilafu."

Akaweka kikombe juu ya boneti, jambo ambalo huwa ananigombeza mimi nikilifanya. Akaingia kiti cha abiria, akachomoa kipimo chake mfukoni, akakiunga kwenye Sikio, akaangalia namba.

"Hili lilitoka kiwandani na sekunde tatu," akasema taratibu. "Yote yanatoka na sekunde tatu. Linapiga filimbi, unapewa sekunde tatu, na kuna kitufe cha kukataa. Hili lina sifuri. Nani alizitoa?"

Nikaipangusa ile alama ya rangi ya kucha kwa kidole.

"Mzee, nani alizitoa?"

"Unajua nani."

Anajua, kwa sababu mafundi wote wa Iringa tulizitoa. Sekunde tatu zikikaa, chombo chako kinachelewa kupisha, na Mamlaka wanakihesabu kikaidi, wanakufungia leseni. Wateja walikuja wanalia, fundi nitolee. Gaudensia alifungiwa mara mbili, vitunguu vikaoza. Jumapili tarehe 12 Machi nililifungua Sikio lake hapahapa, nikazitoa. Jumatatu asubuhi, anateremka kwenda kuchukua mzigo, Tusekile akashika komeo, akauliza, "Umekaza?" Nikajibu kwa majigambo, "Kwa mke wangu nisikaze?" Gaudensia akacheka, akanirushia kanga yake ya kichwani, akatoka.

"Wao walinishika mkono," nikamwambia Tusekile. "Walitunga sheria, nikaitii, nikamuua mke wangu kwa bisibisi yangu. Halafu wakaniletea barua."

"Sijasema umemuua."

"Mimi ndiye ninayesema."

Tukasikia redio ya jirani, mtu anatangaza maonyesho, Dhoruba 1200, watu wanashangilia.

"Mimi sikuzuii," Tusekile akasema mwisho. "Nilimbeba Gaudensia pale mochwari, nilimvalisha mimi. Sikuzuii. Ila ukilifungua geti hili kwa kazi ya namna hiyo, kesho nikikuuliza umekaza utanijibu na mdomo upi?"

Akanywa chai yake iliyopoa, akatoka, akaniachia kipimo kitini.

Nilikaa mle ndani muda mrefu. Kiti kilikuwa cha ngozi laini, kinakukumbatia kiunoni. Nikawaza Gaudensia hakusikia hata filimbi. Kwake lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua, guta limekata, basi. Hakupata kujua kwamba ameamriwa. Na huyu naye akienda vivyo hivyo, atakufa akidhani ni ajali. Atazikwa na bendera.

Nikachukua kipimo. Nikazirudisha sekunde tatu.

Asije mtu akasema ni huruma. Nilitaka asikie filimbi. Nilitaka akae na zile sekunde, ajue kuna mtu nyuma yake anayemwona si kitu, kisha atafute kitufe kama mtu yeyote wa guta. Nilikichukua kitufe cha akiba kabatini, nikakiunga, nikakibandika kando ya usukani, mahali mkono unapofika. Ilibaki skrubu moja, ile ndogo ya waya wa kitufe, ikilegea kitufe hakifanyi kazi. Bisibisi imeshaingia kwenye mfereji wake, honi ikalia getini. Nikarudisha kifuniko.

*

Chengula alikuwa amekuja na gari la kukodi, na hakuwa peke yake. Alikuwa amemshika mkono bibi mmoja mdogo wa mwili, kitenge kimekunjwa vizuri, kibeti kifuani.

"Mama yangu," akasema Chengula. "Anakwenda Dar kwa dada yangu. Tayari?"

"Kamwene," bibi akanisalimia.

"Kamwene, mama," nikaitika, nikakitazama kiti cha abiria. Tusekile, pale getini, akaniangalia.

Chengula akaenda kulisikiliza gari lake. Aliliwasha, tik haipo, akafurahi kama mtoto. Bibi alibaki kando yangu, analitazama lile boneti jekundu bila kulipenda.

"Gari hili, mwanangu, mimi silitaki," akaniambia chinichini. "Lakini nitasemaje? Mwaka jana tulikuwa tunapanda mlimani, anawahi kikao. Tukaliondoa njiani guta la mama mmoja. Nilimwambia Vale, simama. Akaniambia mfumo utawapigia simu wahusika. Nilimwona yule mama. Vitunguu vilitapakaa toka barabarani mpaka bondeni. Nikishika rozari namwombea, lakini namwombea hivihivi tu, yule mama wa vitunguu. Hata jina lake hatukuambiwa."

"Gaudensia," nikasema.

"Nani?"

"Gaudensia Mhemi. Ni mke wangu."

Bibi hakupiga kelele. Alinishika mkono, na grisi yake yote, akaushika kwa mikono miwili. Chengula alikuwa ameshusha kioo.

"Nini tena?"

"Vale," bibi akasema, "huyu ndiye mume wake."

"Mume wa nani?"

"Unaona?" nikamwambia bibi. "Hakumbuki kuna mtu."

Chengula akazima injini. Hapo aliniangalia kwa mara ya kwanza, na nikaona amekumbuka zile barua tano.

"Mzee, pole. Lile jambo lilifanyiwa uchunguzi..."

"Niliuliza swali moja, Mkurugenzi. Aliyeamuru ni nani?"

"Mfumo ndio..."

"Mfumo haukuwa na kidole. Kidole kilikuwa cha nani?"

Akamtazama mama yake, akatazama pembeni. "Mimi sikujua kuna bonde."

"Kitonga? Hujui kuna bonde Kitonga?"

Halafu nikamwambia, wazi, mbele ya mama yake na mbele ya Tusekile, ili isije kusemwa nilimvizia. "Nimefunga Sikio lake kwenye gari lako. Sikio la Gaudensia. Sasa unasikia kama sisi. Mtu wa 1200 akisema Pisha, litapiga filimbi, una sekunde tatu. Kitufe hicho hapo. Ukibonyeza, umekataa. Usipobonyeza, utatii."

Akakitazama kitufe kando ya usukani. "Litoe."

"Nusu saa. Likishajifunga halichomoki, usukani wote lazima ushuke."

"Nusu saa watakuwa wameshapita! Litoe sasa hivi, nitakufunga, nitaifunga gereji hii!"

"Nusu saa, bosi. Kaa, unywe chai. Leo wapite wenzako mbele, upishe siku moja kwa hiari yako."

Hilo ndilo lililomchoma, naapa. Bonde halikumtisha sana, lakini kukaa benchi la gereji huku watoto wa juzi wanapita wanampigia honi, hilo hakuliweza. Barabarani tukasikia kwa mbali kutoka juu mjini, ngurumo kumi na mbili kwa pamoja, zinateremka kuja Ipogolo. Mabati ya gereji yakaanza kutetema.

"Mama, panda," akasema.

"Sipandi."

"Mama!"

"Vale, teremka, mtu huyu akutolee hicho kitu. Teremka tumwombe msamaha, kisha twende taratibu."

"Kitufe ni kitufe," akasema, anajifunga mkanda. "Nitabonyeza. Mnadhani mimi siwezi kubonyeza kitufe? Nyie watu wa magutaguta ndio mnalala barabarani."

Akaliwasha. Tusekile alikuwa getini, mkono kwenye komeo, amenigeukia, mdomo tayari kuuliza. Beberu lilikwenda moja kwa moja. Tusekile akaruka kando, komeo likakatika, geti likalala chini, na gari jekundu likaingia barabarani mita mia mbele ya zile nyingine.

Zikapita zote. Nyeusi, nyeupe, moja ya dhahabu. Vumbi likatufunika. Bibi alikaa kwenye benchi langu, akatoa rozari kwenye kibeti, na safari hii nikasikia anataja majina mawili, la mke wangu na la mwanawe, moja baada ya lingine, bila kuyatenganisha.

Mimi niliangalia mkono wangu. Bisibisi ndogo ilikuwa bado imo. Nikajaribu kukumbuka, mfereji wa skrubu, honi getini, kifuniko cha mpira. Mkono wa fundi unakumbuka wenyewe, hauhitaji kichwa, una ile hali ya chuma kugoma mwishoni unapojua imetosha. Niliitafuta ile hali kwenye vidole. Nilipata honi tu, kisha kifuniko.

Kutoka Ipogolo mpaka ukingo wa Kitonga, Beberu linatumia dakika ishirini na tano. Simu ilikuwa mezani, namba ya Mkurugenzi iko kwenye karatasi ya kazi, aliiandika mwenyewe asubuhi kwa mwandiko wenye mkia. Sikuichukua, wala sikuitupa.

Tusekile alikuja akikanyaga juu ya geti lililolala. Mkononi alikuwa bado na kipande cha komeo. Alimtazama bibi, akanitazama mimi, akatazama bisibisi. Ngurumo zilishakuwa mbali, zimebaki kama mvua ya kijiji cha pili.

"Mzee Kikoti," akasema. "Umekaza?"